Doa la mwanga lina kwao

Hotuba kwa wapiga picha vijana, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaam aleikum. Na wasiotumia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Nimepewa robo tatu za saa, na aliyenipa ananijua vizuri, ndiyo maana ameketi mstari wa mbele na saa yake mkononi. Naona wengine mmekuja na kamera shingoni kana kwamba tunakwenda kazini. Sawa. Ziacheni papo hapo, msizifungie mikobani, maana tutazitumia kabla hatujaachana.

Nimeombwa nizungumzie madoa ya mwanga. Yale ambayo hukuyaona ulipokuwa ukipiga, ukaja kuyaona kwenye kompyuta saa saba za usiku, na mwenye harusi anataka picha zake asubuhi. Duara jeupe lililopauka. Kijidoa cha kijani. Nyota nyekundu ambayo angani haikuwako. Ambaye hajakutana nayo basi kazi ameianza jana. Na tunachofanya nakijua, kwa sababu nami nimekifanya miaka mingi: tunafungua programu, tunalipangusa doa, tunalala. Leo nimekuja kuwaomba mchelewe kidogo kulala. Doa la mwanga lina kwao. Ama limetoka hewani, ama kwenye kioo, ama ndani ya kamera yenyewe, na ukilifuta kabla hujajua kwao ni wapi, wiki ijayo litakurudia kwenye picha mia.

Nianze na usiku ulionifunza mimi.

Ilikuwa kupamba, huko Kibokoni. Kwa mliotoka bara nieleze kidogo: usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, simu zinatiwa kapuni, mpiga picha lazima awe mwanamke, na picha hazitoki nje ya mikono ya wenyewe. Hiyo ndiyo riziki yangu, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Bibi harusi aliingia kama saa nne, hina imempanda mpaka viwikoni, akaketishwa. Ukumbi nusu giza, kwa sababu mpambaji alitaka taa zake za rangi tu. Flashi yangu kubwa betri zilikuwa zimenitupa mkono, nikategemea ile ndogo inayochomoza juu ya kamera.

Nyumbani nikafungua kazi yangu. Picha kama mia nne, na kumi na moja kati yake, zilizofuatana, bibi harusi amezungukwa na maduara meupe. Mengine makubwa kama kisahani cha chai, mengine kama vifungo, yamepauka kiasi cha kuona pambo la nyuma yake, na moja limetua juu ya bega lake la kushoto kama mtu aliyealikwa.

Mama yake alipoziona alinyamaza. Kisha akaniuliza, taratibu, "Bi, wewe ulipoingia mle ndani ulikuwa umepita wapi?" Mnaelewa alichouliza. Habari za kamera hazikumo kabisa. Nyanya wa bibi harusi alikuwa ameshaanza kusoma chini kwa chini, na kabla sijamaliza chai yangu ilishatajwa safari ya kumpeleka binti akasomewe, na ilishatajwa na bei yake.

Hapa niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Sikusimama mbele yenu kukanusha majini. Yametajwa kwenye Kurani na mimi ni Muislamu. Ninalouliza ni dogo: jini gani huyu ambaye flashi ikiwaka yupo, isipowaka hayupo? Maana hilo ndilo nililoligundua nilipotulia. Picha nilizopiga kwa taa za ukumbi, kiti kilekile, dakika hizohizo, zilikuwa safi.

Nikazirudia zile kumi na moja. Kamera huandika saa ya kila picha, mpaka sekunde, nasi wengi wetu hatuiangalii hata siku moja. Zote zilikuwa ndani ya dakika mbili. Nikafumba macho nikajirudisha ukumbini: dakika zile mbili kulikuwa na nini? Kulikuwa na somo yake bibi harusi, yule bibi anayemfunda, anapita na mrashi.

Mnaujua mrashi. Tumbo nene, shingo ndefu, mdomo wenye vitundu, unatikiswa na marashi ya waridi yanawanyunyizia wageni. Yule bibi alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Alinirashia hata mimi, baridi yake shingoni naikumbuka mpaka leo.

Jioni ya pili nilimwita mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa asiyetulia mikono, nikampa mrashi wa marehemu mamangu na chupa ya marashi, nikamwambia leo una ruhusa ya kumrowesha mtu mzima. Tukakaa barazani, taa nimezizima, buibui langu nimelitundika kuwa pazia jeusi. Picha ya kwanza, kwa flashi, hajarasha: buibui, basi. Akarasha mara moja mbele ya kamera nikabonyeza. Maduara. Makubwa kwa madogo, ndugu wa wale wa Kibokoni. Akarasha tena, flashi nimeizima, kamera nimeiweka juu ya stuli ikapiga sekunde nzima kwa mwanga wa taa ya jirani: hakuna kitu. Mara ya mwisho nikachukua ile flashi kubwa, betri mpya, nikaiunga kwa waya, nikaishika kwa mkono wa kushoto nimeunyosha kadiri unavyofika, mbali na lenzi. Yakabaki maduara mawili, hafifu, ukingoni. Mtoto alitaka tuendelee mpaka chupa iishe, na kwa kweli iliisha.

Hesabu yake ni hii. Mwanga wa flashi hufifia upesi: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unakuwa robo. Bibi harusi alikuwa mita 3 kutoka kwangu. Tone la marashi tuseme lilikuwa sentimita 10. Yeye yuko mbali mara 30 kuliko tone, na 30 mara 30 ni 900. Kijitone ambacho jicho lako halikukiona kimemulikwa mara 900 zaidi ya uso wa bibi harusi. Na kwa kuwa kiko karibu mno na lenzi, fokasi haikishiki, basi hakiji kama tone. Kinavimba kikawa kisahani.

Hapa mtu huniuliza: mbona duara? Hujibiwa kwamba ni kwa sababu tone lenyewe ni mviringo. Si kweli. Chembe ya vumbi haina mviringo wowote, nayo hutoa duara vilevile. Umbo lile ni la tundu la lenzi yako. Ngojeni niwape mfano wa nyumbani, maana huu naupenda.

Wenye umri mtaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013. Kule Turkana jua lilifunikwa lote. Sisi huku lilimegwa tu, nalo limeshateremka magharibi. Uani kwetu kuna mwarobaini, na mwanga unaopenya kwenye majani yake huangusha madoa ya duara ukutani kila siku ya Mungu, wala hakuna anayeyatazama. Jioni ile madoa yote yaligeuka hilali. Hilali ndogo ndogo ukuta mzima, zimeelekea upande mmoja, na watoto wakawa wanaweka viganja vyao zitue. Ina maana siku zote yale madoa hayakuwa umbo la upenyo kati ya majani. Yalikuwa sura ya jua lenyewe, imechorwa na upenyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo, aliandika risala nzima juu ya hilali hizi na tundu linalozichora, karne ya 11, wakati ambapo ngome yetu ya Fort Jesus hapo nje ilikuwa bado miaka mia tano na zaidi ijengwe.

Ndani ya kamera mambo hugeuka. Chanzo ni kidogo kama nukta, tundu la lenzi ni kubwa, basi kinachochorwa ni tundu. Ndiyo maana ukilibana tundu la lenzi yenye mabawa sita, duara lako linaota pembe sita. Na jini anayeota pembe sita, ukibadilisha lenzi akaota nane, mimi simwogopi sana.

Nilirudi Kibokoni na picha za barazani. Sikwenda kuhutubia mtu. Nilimwonyesha nyanya ile ya buibui bila marashi, kisha ile ya marashi, nikamweleza mtoto alivyonirowesha. Akaitazama kwa muda, akasema, "Basi haya ni marashi yangu," kwani chupa ile ya usiku wa kupamba aliileta yeye. Safari ya kusomewa ikafa hapo. Picha ya bega ndiyo aliyoitia kwenye fremu. Mama mtu alinilipa salio langu, akakata mia tano za usumbufu, wa nani sijui mpaka leo.

Badala ya marashi wekeni mnachotaka. Mvua ya masika ukipiga picha usiku pale kivukoni Likoni. Vumbi la mazulia wakati wa chakacha. Unga wa poda, mbu, jivu la chetezo. Simu ndizo mbaya zaidi, maana flashi yake na lenzi yake vimeachana upana wa kidole. Dawa ni moja: mwanga uutenge na lenzi. Ukishindwa, zima flashi, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, vumilia chengachenga za picha. Au ngoja somo apite na mrashi wake.

Sasa ile bei ya kusomewa iliyotajwa kule Kibokoni. Nataka niwasimulie habari ya mtu mmoja wa Boston, Marekani, William Mumler. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 aligundua kwamba sahani ya kioo iliyopigwa picha mara mbili huonyesha kivuli cha mtu wa pili nyuma ya aliyeketi. Nchi yao ilikuwa vitani, kila nyumba ina maiti. Mumler akaanza kuuza: njoo, keti, nikupige, mwanao aliyekufa atatokea nyuma yako. Watu walilipa. Mwaka 1869 akafikishwa kortini New York kwa udanganyifu, na mmoja wa waliotoa ushahidi dhidi yake alikuwa P. T. Barnum, yule mwenye sarakasi, ambaye udanganyifu aliujua kuliko wengi. Mumler aliachiliwa, ushahidi haukutosha.

Nawaambia haya kwa sababu mteja akikuletea doa mara nyingi ana hofu, na wakati mwingine ana msiba. Ukimcheka umemkosea adabu. Ukisema "sijui, labda" huku unajua, umemkabidhi kwa Mumler wa mtaani kwake. Mwonyesheni jaribio. Mtu akiliona kwa macho yake, hahitaji uhodari wako wa maneno.

Haya, toeni simu. Washeni kamera, ile ya nyuma, mwielekeze kwenye balbu ile iliyo wazi juu ya mlango. Msipige, tazameni tu. Sogezeni simu taratibu mpaka balbu iwe pembe ya juu kushoto ya kioo. Sasa angalieni pembe ya chini kulia. Nani amekiona? Kijidoa, kwa wengi wenu ni cha kijani au buluu. Ipelekeni balbu upande wa kulia: kijidoa kinakwenda kushoto. Ishusheni: kinapanda. Kinacheza chakacha na balbu na katikati ya kioo ndipo wanapopishana. Sasa inueni kidole gumba mkono wa pili, muizibe balbu. Kimekwenda wapi?

Huyo kwao ni kwenye kioo. Lenzi moja ina vioo kadhaa ndani yake, mwanga mkali ukiingia sehemu ndogo yake hurukaruka kati ya vioo hivyo na sensa kabla ya kutua. Sensa, wanangu, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, si ile ya serikali ya kutuhesabu. Ukikuta doa la namna hii kwenye picha uliyokwisha kupiga, chora mstari kutoka kwenye taa, upitishe katikati ya picha, uuendeleze masafa yaleyale upande wa pili. Doa likiwa limekaa mwisho wa mstari, kesi imekwisha.

Kuna ndugu yake mkubwa. Kijana mmoja aliniletea picha ya barabara ya Mama Ngina, ile ya kando ya bahari, usiku, imepigwa kwa kamera nzuri juu ya miguu mitatu, safu ya taa za barabara imenyooka kama tasbihi, mibuyu imesimama, safi. Angani, juu ya bahari, kuna safu ya pili ya taa, imepinduka kichwa chini, kushoto imekuwa kulia. Ameshaipeleka kwa marafiki na ameshaambiwa mengi, mpaka ya meli za sayari nyingine. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbele ya lenzi umefunga nini?" Alikuwa amefunga kile kioo cha kinga tunachouziwa pamoja na kamera. Kioo bapa mbele, sensa bapa nyuma, taa zinagonga sensa, zinarudi mpaka kwenye kioo, kioo kinazitupa tena ndani zikiwa zimepinduka. Akakifungua, akarudi usiku uliofuata, tasbihi ikawa moja. Mimi kile kioo nakivaa mchana, ufukweni, kwa ajili ya mchanga na chumvi. Taa zikiwaka nakivua. Wauzaji hawatanipenda kwa hilo.

Na kabla ya kulaumu kioo chochote, kipanguse. Nusu ya "ukungu wa ajabu" ninaoletewa kwenye simu ni mafuta ya viazi karai. Nyingine ni kiyoyozi: kamera imelala ukumbini kwenye baridi saa tatu, unaikimbiza nje kumpokea bwana harusi, joto letu la Mombasa linaivalisha jasho papo hapo, na kila taa inapata shungi la mwanga. Itieni kwenye mfuko wa plastiki, mfunge kabla hamjatoka, muiache robo saa ipate joto humo ndani. Msiipanguse kwa pindo la leso mpya, wanga wake ni mkavu.

Sasa wenye kamera. Funikeni lenzi kwa kifuniko chake. Wenye kamera za kioo cha ndani, zibeni na tundu la kutazamia kwa kidole. ISO 1600, sekunde 30. Kama kamera yako ina ule mtindo wa kupiga picha ya pili ya giza na kuitoa kwenye ya kwanza, kauzime kwanza. Tayari? Pigeni. Msiitikise, ingawa kwenye giza hilo hata ukiitikisa haidhuru.

Wakati zinapiga niwapeleke mbali. Aprili 2014, gari la utafiti la Curiosity, ambalo liko kwenye sayari ya Mirihi tangu Agosti 2012, lilituma picha ya jangwa la mawe, na karibu na upeo wa macho kuna cheche ya mwanga imesimama wima kama taa ya mtu. Dunia ikachachamaa. Lakini gari lile lina macho mawili ya kuongozea njia, la kulia na la kushoto, na yalikuwa yamepiga sekunde ileile. Cheche ilikuwa kwenye jicho la kulia. La kushoto halikuona kitu. Wahusika wa kamera zile wakaeleza kwamba madoa kama hayo hupatikana karibu kila wiki: huenda ni chembe ya miale kutoka anga za mbali imegonga sensa, huenda ni jua limemeremeta juu ya mwamba. Mimi lililonifurahisha ni lile jicho la kushoto. Nyinyi mko harusini wawili wawili siku hizi, mkuu na msaidizi. Kabla hamjaita watu, tazameni picha ya mwenzako ya dakika hiyo.

Zimekwisha? Fungueni picha, kuzeni mpaka mwisho, tembeeni ndani yake polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Naam, mmeanza kunong'ona. Nyekundu. Buluu. Nyeupe. Na wewe binti wa nyuma, ngapi? Saba! Usihuzunike, hakuna sensa isiyo nazo. Hizo ni pikseli moto. Sensa ina mamilioni ya visima vidogo vya kukusanya mwanga, ndivyo pikseli, na vichache kati yake vinavuja: vinajaa umeme wenyewe hata gizani. Kadiri unavyoacha muda mrefu ndivyo vinavyojaa, na joto huvichochea, kiasi cha kwamba uvujaji huwa mara mbili kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za joto zinazoongezeka. Kwa hiyo Januari ya kaskazi, Mombasa, kamera imekaa juani kutwa, usiku unapiga sekunde 30 za meli zinazoingia Kilindini, unapata nyota nyekundu ambayo si ya mlingoti wa meli yoyote.

Alama yake ni kwamba haihami. Kumbukeni tone: lilibadilika kila picha. Kijidoa cha balbu kilicheza. Huyu amekaa pikseli ileile, harusini, Mama Ngina, na hapa kifuniko kikiwa kimefungwa. Andikeni kwenye karatasi, mbili kutoka pembe hii, tatu kutoka ile, mtakutana naye mwakani. Kamera nyingine zina njia ya kujisahihisha ndani ya menyu, nyingine fundi ndiye anayefanya, na ule mtindo wa picha ya giza niliowaambia mzime umetengenezwa kwa ajili hiyo hiyo. Unakula muda, sekunde 30 zinakuwa 60, kwenye fataki hamtauweza.

Ila pikseli zikiwa zimekufa kwa mstari mzima, ulizeni dijei. Zile taa zake za leza zikiingia moja kwa moja kwenye lenzi zinaweza kuichoma sensa, na hilo halina kupangusa. Mimi siku hizi nakubaliana na dijei kabla ya shughuli.

Marehemu babangu alikuwa fundi wa chumba cha giza, hapa hapa mjini, na madoa yake yalikuwa mengine. Jioni alikaa dirishani na brashi ya unyoya mmoja na wino, anailamba ncha, anatia nukta kwenye picha za watu, nukta, nukta. Madoa meupe. Nikadhani ni ugonjwa wa karatasi. Kumbe ni vumbi lililotua juu ya filamu: mwanga wa mashine ukipita, vumbi linauzuia, karatasi chini yake inabaki nyeupe. Vumbi lilelile leo likitua kwenye sensa yangu, linazuia mwanga usifike, napata doa jeusi angani nikibana tundu mpaka f/16 au f/22. Kwa baba jeupe, kwangu jeusi, na vumbi la Mji wa Kale halijabadilika. Kwa hiyo mkiniambia "Bi, nina vumbi kwenye sensa, angalia doa hili jeupe," nitawaambia tafuteni tena.

Na naona vijana wanarudi kwenye filamu, vizuri, lakini zile kamera mnazookota Marikiti na kwenye makabati ya babu zenu zina umri. Sifongo nyeusi inayoziba mlango wa nyuma huoza, hulainika ikanata vidoleni kama halua iliyokosa kushika, na mwanga ukapenya hapo. Kwenye filamu ya rangi doa lake huja la chungwa au jekundu, kwa sababu mwanga umeingia kwa mgongo wa filamu, na tabaka la kwanza kulikuta huko nyuma ni lile linalohisi nyekundu. Babangu alikuwa na kamera moja yenye pazia la kitambaa. Mtu aliiazima, akaiacha juu ya ukuta wa baraza, lenzi inatazama jua la saa sita. Lenzi ikafanya kazi yake, ikalikusanya jua kwenye nukta moja, ikatoboa pazia. Kutoka siku hiyo kila picha ilikuja na kijijua kidogo pale pale kushoto. Baba alikizoea mpaka akawa anawapanga watu kiangukie ukutani.

Kuhusu kuvu sitakaa sana. Lenzi ikifungiwa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati, kwa unyevu wetu huu, itaota nyuzi kama za buibui, na taa zako zote zitakuwa na utando. Kopo la plastiki linalofunga vizuri, vifuko vya chembe za kukausha, basi. Vifuko vikilowa vikausheni, msivitupe.

Naona saa ya mstari wa mbele imeinuliwa. Nimalize na ombi. Niliwaambia wenye madoa yaliyowashinda waje nayo, na nimeleta kompyuta, iko pale mezani. Leteni picha yenyewe kutoka kwenye kadi. Msiniletee iliyopita WhatsApp, imekamuliwa na saa yake imepotea, wala msiniletee mliyokwisha kuipangusa mkasema doa lilikuwa hapa. Na leteni ile ya kabla yake na ile ya baada yake, hata kama zimetoka vibaya. Akina dada wenye picha za kupamba tutakaa chumba cha ndani, wanaume hawaingii. Chai ya viungo na mahamri yako nyuma, nawe binti wa pikseli saba, njoo uanze wewe.